Hofu ya Kufa na Hofu ya Hesabu

Jumapili ya tarehe 7 Julai 1776, mwanasheria wa Uskoti aitwaye James Boswell alichelewa ibada ya kanisani, akaona bora aende kumjulia hali rafiki yake mjini Edinburgh. Mgonjwa alikuwa David Hume, mwanafalsafa aliyejulikana Ulaya nzima kwa kutoamini, na kila mtu alijua hatapona. Boswell alitaka kujua jambo moja tu: je, mtu wa namna hii akishaona kaburi liko mlangoni, hatabadilika? Alimkuta amekonda sana, lakini ni mchangamfu. Akamuuliza kama haiwezekani kabisa kuwa na maisha baada ya kufa. Hume akajibu kwamba hata kipande cha makaa ya mawe kikitiwa motoni, inawezekana kisiungue. Na kule kutoweka moja kwa moja, hakumtishi? Hata kidogo, alisema, kama vile asivyotishwa na kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwapo. Alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, akiwa mtulivu.

Boswell alitikisika. Mwaka uliofuata akamsimulia Samuel Johnson, mtunzi mashuhuri wa kamusi ya Kiingereza, Mkristo wa kusali na kutubu. Johnson hakusadiki, alisema Hume alikuwa akijionyesha tu. Lakini Johnson huyohuyo, aliyekuwa na imani tele, aliishi akiogopa kifo kuliko karibu kila mtu aliyemzunguka. Mwaka 1784 huko Oxford alikiri kwamba anachelea kuwa miongoni mwa watakaolaaniwa. Alipoulizwa kulaaniwa ndiyo nini, alijibu kwa ukali: kutupwa jehanamu na kuadhibiwa milele.

Wawili hawa wanavuruga hoja mbili tunazozisikia kila palipo na ubishi wa dini. Mwamini humwambia asiyeamini: ngoja sakarati ya mauti ikufike, utamwita Mungu mwenyewe. Asiyeamini humrudishia: nyinyi dini mmeitunga kwa sababu mnaogopa kufa. Mimi ni mtu wa kusali, na naona hoja zote mbili hazisimami.

Tuanze na ya pili, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa zaidi. Kama dini ni dawa ya usingizi, basi ni dawa ya ajabu, maana inamkesheza mgonjwa. Muislamu aliyelelewa pwani yetu anajua tangu chuo cha Kurani kwamba akishafukiwa atajiwa na malaika Munkar na Nakir wamuulize Mola wake ni nani. Kuna mbano wa kaburi, kisha Sirati, daraja linalopita juu ya moto. Karibu miaka mia mbili iliyopita, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiusemesha moyo wake mwenyewe mbele ya majumba ya kifahari yaliyobaki magofu. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Na alipomaliza kuuonyesha moyo magofu hayo, hakuubembeleza. Aliupeleka kwenye habari za moto. Mtu mwoga akipewa nafasi ya kujitungia faraja, hawezi kutunga hivyo. Angetunga kitu chepesi zaidi.

Asiyeamini ana jibu lake, na ni jibu zito: dini hutia hofu kwanza, kisha huuza tiba ya hofu hiyohiyo. Hapa sisi waumini hatuna haki ya kumkatiza. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Waendesha mashtaka wanasema waumini walishawishiwa wajinyime chakula hadi wafe ili wakutane na Yesu; mhubiri anayeshtakiwa, Paul Mackenzie, amekana mashtaka. Miaka 23 kabla yake, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, katika kundi lililokuwa likihubiriwa mwisho wa dunia. Walikuwamo watoto. Mtoto wa miaka minne hana hofu ya jehanamu wala hamu ya pepo. Ana njaa na anamtaka mama yake. Kila ninapoyafikiria hayo naona kwamba hofu ya akhera ni kitu cha kubaki kati ya mja na Mola wake. Binadamu mwingine akishajifanya bawabu wa pepo, akaamua nani aingie lini, hofu hiyo inageuka kamba shingoni mwa watu.

Upande wa pili nao una ubora wake na upungufu wake. Hoja mashuhuri ya kale ya asiyeogopa ni ya mwanafalsafa Epikuro wa Ugiriki, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo: maadamu sisi tupo, kifo hakipo, na kikiwapo kifo, sisi hatupo. Kwa hiyo hatukutani nacho. Ni hoja safi, na wapo waliokufa nayo kwa utulivu wa kweli, Hume akiwa mmoja. Kuwaambia kwamba walikuwa wakijifanya ni kiburi, kwani hakuna aliyeingia vifuani mwao akachungulia.

Lakini hoja hiyo inajibu swali moja tu, la kuwa maiti. Mama wa miaka thelathini na kitu mwenye saratani haogopi kuwa maiti. Anaogopa kwamba nani atamsuka binti yake nywele, nani atamlipia mdogo ada ya shule. Epikuro hana neno kwake. Kusema kweli, hata mhubiri mara nyingi hana, ila huwa ameleta watu wanne walioshika sufuria na mkeka, na hilo ni kubwa kuliko mahubiri yenyewe.

Hapo ndipo naona asiyeamini wa Afrika Mashariki anapobeba mzigo ambao Hume hakuubeba. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Wahenga walisema kifo cha wengi arusi, na kwetu kufa ni shughuli ya wengi: kuosha, kukesha, kuchimba, kupika, kusoma hitima au kuimba kwa zamu. Karibu yote hayo yamefumwa ndani ya dini. Aliyetoka katika dini anaweza asiogope moto hata chembe, lakini akalala akiwaza: nani atanizika? Nitasomewa maneno niliyoyakataa maisha yangu yote, au jirani watanisusa? Tunapomcheka kwamba anaogopa, tukumbuke kwamba sehemu ya hofu hiyo tumeitengeneza sisi.

Watafiti nao wamejaribu kupima nani anaogopa zaidi. Mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Jonathan Jong lilichapisha mapitio ya tafiti 100, zilizohusu watu wapatao 26,000 katika nchi mbalimbali. Zaidi ya nusu hazikuona uhusiano wowote kati ya dini na hofu ya kifo. Nyingine ziliona waumini wana nafuu, nyingine zikaona kinyume. Zilikuwapo chache zilizopima pia watu walio katikati, wasioamini sana na wasiokana sana, na nyingi kati ya hizo ziliwakuta hao ndio wenye hofu kubwa kuliko wote. Tafiti nyingi zilifanyika mbali na kwetu, kwa hiyo sizichukui kama mizani ya Mombasa au Kigoma, lakini hilo la watu wa katikati halinishangazi. Nguo ya kuazima haikingi baridi.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliowafuata wagonjwa 345 wa saratani iliyokithiri. Walioegemea dini kwa nguvu kukabili ugonjwa walitiwa mashine ya kupumulia katika wiki yao ya mwisho kwa asilimia 11.3, wenzao walioegemea kidogo, asilimia 3.6. Asiyeamini atasema: mnaona, wanaosema wanakwenda kwa Mola wao ndio wasiotaka kuondoka. Mwamini atasema uhai ni amana, haurudishwi kabla ya kudaiwa, na Mungu anaweza kuponya hata saa ya mwisho. Nadhani yote mawili yamo, tena ndani ya mgonjwa yuleyule.

Na iko hofu isiyojali dini ya mtu: maumivu. Uganda ililielewa hili mapema. Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, wagonjwa wakaanza kupewa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji ya kunywa hadi majumbani mwao, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Wapo ndugu wanaokataa dawa hiyo kwa niaba ya mgonjwa, wakisema maumivu yanafuta dhambi. Huenda yanafuta. Ila anayeumwa ndiye mwenye haki ya kuchagua, na hofu yake isiongezewe na mjomba aliyekaa kitini akiwa mzima.

Upo msemo wa Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa kale, ninaourudia mara kwa mara, kwamba mtu akiwa na afya hofu inamfaa zaidi, na mauti yakimkaribia matumaini yanamfaa zaidi. Hofu ya hesabu, ile ya kuulizwa matendo yetu mbele ya Mungu, ikiwa mahali pake, ni kazi ya mtu mzima mwenye nguvu zake. Ndiyo maana kabla ya maiti kusaliwa, mtu wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu chochote aje kwetu. Sijui tangazo jingine linalowafanya wanaume walio safuni wakumbuke madeni yao kwa kasi ile. Na sioni kwa nini kazi hiyo iwe ya waumini peke yao. Hume katika wiki zake za mwisho alikuwa akisahihisha maandishi yake na kurekebisha wasia.

Johnson naye, yule aliyetetemeka maisha yake yote, Desemba 1784 alimtaka daktari amwambie ukweli bila kumficha. Akaambiwa hatapona bila muujiza. Akasema basi hatakunywa dawa tena, hata afyuni ya kutuliza maumivu, kwa sababu ameomba aikabidhi roho yake kwa Mungu akili ikiwa safi. Aliandika wasia, na sehemu kubwa ya mali yake akamwachia mtumishi wake Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaika. Tarehe 13 jioni alikata roho kimya kimya, hata waliokuwa chumbani hawakutambua mara moja.