Si kila programu hasidi ni kirusi

Makala niliyosoma kuhusu usalama wa kompyuta yameeleza vyema maana ya udukuzi, lakini yanaita kila programu hasidi (yaani programu iliyoundwa ili kudhuru) "kirusi", na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Kirusi hujipachika kwenye faili jingine na kusubiri mtu alifungue, ilhali mnyoo husambaa wenyewe mtandaoni bila kungoja mkono wa mtu. Tofauti hiyo si ya maneno matupu: programu hasidi iitwayo WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu kwa usimbaji (kuyageuza yasisomeke bila ufunguo) na kudai fidia mwezi Mei 2017, ilienea haraka katika nchi zaidi ya 150 kwa sababu ilikuwa na tabia ya mnyoo, ikipenya kwenye kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuitolea kiraka, yaani sasisho la kuiziba, tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao walikuwa wameuziba mlango huo. Nywila ndefu, ambayo makala yameisisitiza mno (na inafaa kweli dhidi ya wizi wa akaunti), isingewasaidia waliobaki. Nakala rudufu iliyohifadhiwa nje ya mtandao ndiyo ingewarudishia mafaili yao bila kumlipa mhalifu.