Umri si kikwazo, ada ndiyo kikwazo

Jamani, tusimvunje moyo huyu kijana rubani aliyeandikwa kwenye habari yenu. Kafiwa na wazazi wote wawili, kalelewa na bibi yake, leo anarusha helikopta, halafu wasomaji wenzangu mnasema bado ni mtoto! Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa biashara inaruhusiwa kuanzia miaka 18. Vita vya Vietnam, Jeshi la Marekani lilichukua vijana waliomaliza sekondari tu, wakafunzwa Fort Wolters, Texas, kisha Fort Rucker, Alabama. Wakiwa na miaka 19 au 20 walishusha helikopta za Huey katikati ya risasi kubeba majeruhi.

Kazi yenyewe si lelemama. Mkono wa kushoto uko kwenye wenzo wa kupanda na kushuka, wa kulia kwenye usukani, miguu yote miwili kwenye pedali za kudhibiti mkia. Ukigusa kimoja, vingine vyote navyo vinadai kurekebishwa papo hapo. Aliyeweza hayo ameiva.

Mwandishi, tafadhali fuatilia jambo moja: nani alimlipia saa za kuruka? Kuna yatima wengi wenye alama nzuri za fizikia wanaohitaji kujua mlango huo uko wapi.