Ukitembelea timu ya ubunifu, uliza nani anatoa hela

Siku hizi karibu kila kampuni kubwa hapa Nairobi, iwe benki, bima ama simu, ina katimu kake ka ubunifu wa kidijitali, na wageni wanapelekwa kukaona kama mbuga ya wanyama. Stika za rangi ukutani, vijana wa tisheti, kahawa nzuri, demo ya dakika kumi, picha ya pamoja, kwaheri. Mtandaoni watu wanazicheka sana hizi timu, eti ni geresha tu ya kupamba ripoti ya mwaka. Nimetembelea moja juzijuzi, sitaitaja, na naona tunawacheka watu ambao si wao wenye makosa.

Ukweli ni kwamba wanaocheka wana pa kushika. Safaricom ilianzisha timu yake ya ubunifu, Alpha, 2017, wakatoa app ya Bonga ya kuchati na kutumiana pesa humohumo, leo ukisema Bonga mtu anajua unaongelea zile pointi za zawadi za Safaricom. Mwaka huohuo wa 2017 kampuni ikafungua Masoko, duka la mtandaoni, ilivyotangazwa ungedhani maduka yote yatafungwa, ikaishia kuuza zaidi simu na vifaa vya Safaricom yenyewe. Songa ya muziki ikaja 2019, 2022 ikafungwa. Na kuna wale madevelopa wadogo wanaosema wakipeleka wazo kwa kampuni kubwa wanalikuta baadaye limevaa nembo ya wenyewe. Sio malalamiko ya kupuuza.

Sasa M-Pesa. Historia mnaijua, sirudii, ila kuna kipande watu wanakiruka. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza iliyo mbia wa Safaricom, walianza na karibu pauni milioni 1 kutoka DFID, iliyokuwa idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Kwa Vodafone hiyo ni chenji. Lakini iangalie vizuri hiyo chenji, kwa sababu bila hiyo wazo lingeingia kwenye foleni moja na miradi mingine ya kampuni, na kwenye foleni hiyo anashinda mwenye kurudisha faida haraka, sasa nani angepitisha mambo ya mikopo midogo Kenya wakati kuna masoko ya Ulaya yanadai hela hiyohiyo? Hughes mwenyewe ameeleza hili. Pesa ya nje ndiyo iliwanunulia muda.

Na muda ndio ulifanya kazi. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na wateja wa Faulu Kenya, kampuni ya mikopo midogo, huko Thika, Mathare na katikati ya jiji la Nairobi, lengo likiwa watu walipe mikopo kwa simu. Watu wakafanya yao. Wengine wakawa wanaweka pesa huku wanazitoa wakifika kule ili wasisafiri na noti mfukoni, wafanyabiashara wakalaza mauzo ya siku humo maana benki zishafunga, mwingine analipiwa mkopo na mwenzake kama malipo ya kazi. Faulu nao wakahangaika kuoanisha vitabu vyao na huo mfumo. Kama kipimo kingekuwa mikopo iliyolipwa kwa robo mwaka, hapo ripoti ingeandikwa imefeli na kila mtu angerudi kwao. Badala yake mikopo iliwekwa kando, Machi 2007 ikazinduliwa ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa hiyo ile timu niliyotembelea, demo yao ilikuwa safi, shida ni kuiunganisha na mfumo mkuu wa kampuni, kule kuna foleni ya miezi, kuna wanasheria, kuna mkuu wa idara ambaye bonasi yake haiguswi kitu hiki kikifanikiwa ama kikifa, na bado hao vijana wanapimwa kila robo mwaka. Nikauliza bajeti inatoka wapi. Idara ya matangazo, wakasema, tena bila aibu. Sasa hapo geresha ni ya nani?

Najua mtu atasema Masoko ilikuwa na hela na bado haikufika mbali, na ni kweli, hela peke yake hailazimishi mteja kukupenda. Lakini Masoko ilizinduliwa kwa kishindo nchi nzima, ile ya Thika ilianza na maajenti wachache na mteja akaachwa aitumie anavyotaka. Hilo la pili ndilo hizi timu zetu haziruhusiwi kulifanya, maana halipigiki picha.