Kabla ya dawa, mpeni mama barua

Mtoto akivunjika mguu mara ya tatu kabla hajatimiza miaka miwili, kwetu hakuna anayeuliza habari za mifupa yake. Wanauliza alikuwa na nani.

Mdogo wangu ameulizwa hivyo na muuguzi, na askari, na mawifi zake. Binti yake ana osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya mifupa ivunjike kwa kitu kidogo tu. Mwili wake unatengeneza kolajeni pungufu au yenye kasoro, na kolajeni ndiyo nondo ndani ya zege la mfupa. Weupe wa macho yake una rangi ya samawati. Alipokuwa mchanga kila mgeni aliyasifia hayo macho, na kumbe ni dalili inayojulikana vitabuni.

Simlaumu muuguzi. Watoto wanapigwa kweli, na asiyeuliza ndiye wa kuogopwa. Kinachonikera ni kwamba jibu halibaki popote. Kila zahanati mpya wanaanza upya: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi, baba yuko wapi, alianguka au alipigwa? Mama anafungua mfuko wa nailoni wenye picha za eksirei na kuhadithia tena, huku mtoto analia mapajani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Siku ugonjwa huu unapothibitishwa, kabla hata ya kuzungumzia dawa, familia itoke na barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye muhuri. Iseme ugonjwa ni upi na mtoto ashikwe vipi. Najua karatasi haiungi mfupa. Lakini dawa zenyewe, kama asidi ya zoledroniki inayotundikwa kwa dripu kila baada ya miezi kadhaa, huongeza uzito wa mfupa tu, haziondoi ugonjwa. Mtoto ataendelea kushikwa na watu kila siku.

Na sisi tunashika! Bibi akishamwogesha mjukuu humpaka mafuta, akamkanda, akamnyoosha mikono na kuikunja kifuani, mguu wa kulia ukutane na mkono wa kushoto. Ni mapenzi matupu, na kwa mtoto huyu ni hatari. Hata nepi ina namna yake. Usimnyanyue kwa vifundo vya miguu kama tulivyozoea. Pitisha kiganja chini ya makalio, vidole vimetanuka, umwinue taratibu. Kumbeba, mkono mmoja makalioni, mwingine nyuma ya mabega na kichwa, kwapani usimshike. Hata mshipi wa kupimia presha unaweza kumvunja mkono. Mama mkwe wa mdogo wangu alielekezwa hayo mara moja tu, akayashika kuliko sisi sote. Siku hizi anawafokea wageni.

Barua iseme pia kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mara nyingi mabadiliko ya vinasaba hutokea kwa mtoto mwenyewe, bila mzazi yeyote kuwa nayo. Hilo lingemaliza mabishano ya "kwetu hakuna" yaliyokaribia kuvunja ndoa.

Watasema ugonjwa ni adimu mno kuandaliwa barua yake. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto kama milioni mbili kwa mwaka. Piga hesabu: ni zaidi ya darasa moja zima kila mwaka, na wengi wao sijui wanahesabiwa kama walioanguka, waliorogwa au waliopigwa.

Halafu kuna shule. Mwalimu mkuu alitaka mtoto abaki nyumbani "mpaka apone," na hakusema kwa ubaya; aliogopa kesi. Ila kumfungia ndani nako kunaumiza, kwa sababu mfupa usiotumika huzidi kudhoofika, ndiyo maana madaktari hawapendi POP, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa, ikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mtoto anatakiwa atembee, aogelee akipata maji salama, akae dawati la mbele karibu na mlango, na atoke darasani kabla kengele haijawamwaga wenzake koridoni. Mwalimu akiyapata hayo kwa maandishi atakuwa na cha kujitetea nacho.

Nakala moja ibaki shuleni, moja zahanati ya karibu, moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya mama iwekwe plastiki, maana itakunjwakunjwa sana.