Ukimwona Haraka, Kizimba Hakifai

Nikifika kwa mtu anayefuga kinyonga, kitu cha kwanza ninachoangalia ni muda unaonichukua kumwona mnyama mwenyewe. Nikimwona papo hapo, kang'ang'ania kijiti kimoja katikati ya uwazi, najua aliyejenga kile kizimba alimfikiria mtazamaji, hakumfikiria kinyonga. Huyu ni kiumbe aliyeumbwa asionekane. Mwili wake umebanwa ubavuni kama jani, mwendo wake ni wa kuyumbayumba, na macho yake yanazunguka kila moja kivyake ili aione hatari bila kugeuza kichwa. Ukimnyang'anya maficho umemweka mbele ya adui mchana kutwa, hata kama adui huyo ni wewe unayempenda.

Nayasema haya kwa sababu hapa Tanga naona vijana wanazidi kuvutiwa na vinyonga. Nafurahi sana, maana wengi wetu tulikuzwa kuwaogopa. Mpaka leo ukiwa Ngamiani ukamwokota kinyonga njiani umpeleke ua wa pili asikanyagwe na bodaboda, hukosi bibi wa kukuambia, "Mwanangu, kiache hicho, kina sumu." Hana sumu. Akibanwa atafoka, atafungua mdomo, pengine atauma, na basi. Kwa hiyo kijana anayemtazama kinyonga kwa mapenzi badala ya kumpiga jiwe ni hatua kubwa. Tatizo ni kwamba mapenzi haya yamekuja pamoja na tangi la samaki.

Wanaona kwenye simu vinyonga wa Marekani na Ulaya ndani ya vioo vinavyong'aa, chini ya taa. Wanachukua tangi kuukuu, wanamwaga mchanga chini, wanachomeka tawi kavu, wanafunika na chandarua, kisha wanaliweka sebuleni kando ya televisheni. Wasichokiona kwenye simu ni kwamba hata huko, wafugaji makini wa kinyonga wa Yemen, ambaye ndiye anayefugwa sana, wengi wao wanamjengea kizimba cha wavu. Kipimo wanachokitaja mara kwa mara kwa dume mzima ni sentimita 60 kwa 60, na kimo cha sentimita 120. Kimo ndicho kirefu kuliko vyote, kwa sababu maisha ya kinyonga ni kupanda na kushuka. Tangi la samaki limelala chini, hewa yake imesimama, na kila akigeuka anakutana na kivuli chake mwenyewe kwenye kioo. Vinyonga hawapendani. Kwake yeye yule ni mwenzake aliyevamia, na hawezi kumfukuza wala kumkimbia. Atavimba, atakuwa na rangi nzito, ataacha kula.

Kabla hata ya mbao na waya, kuna swali la kinyonga gani, na hapa nina msimamo mkali. Mkoa wetu una bahati ambayo mikoa mingi haina. Kwenye misitu ya Usambara, kuanzia Amani hadi Magamba juu ya Lushoto, kuna vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani zaidi ya milima hii na michache ya jirani: wenye pembe tatu, wenye pembe mbili puani, na wale wadogo kabisa wa rangi ya jani kavu wanaoishi karibu na ardhi. Mtu anapanda Lushoto kwa mapumziko, mtoto wa barabarani anamwonyesha mwenye pembe kwenye kijiti, anapiga picha, halafu wazo linamjia la kushuka naye Tanga mjini. Asifanye hivyo. Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai watu hujifunika mablanketi mawili. Mwili wa kinyonga wa kule unahitaji baridi hiyo ya usiku ili apumzike. Tanga mjini mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekolea, mchana unafika nyuzi joto 32 na zaidi, na usiku haushuki sana chini ya 24. Hakuna kizimba kitakachomtengenezea usiku wa Lushoto, labda umlaze chumba chenye kiyoyozi, na umeme ukikatika umemuua.

Tena kuna sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayekamata au kufuga mnyamapori awe na kibali, na kinyonga ni mnyamapori hata kama umemkuta kwenye mchongoma wako. Vinyonga wa Usambara wamo pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Wale wadogo wa ardhini waliongezwa humo mwaka 2017. Kwa miaka mingi walisafirishwa kwa makasha kwenda kuuzwa nje, mpaka Serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sioni sababu ya sisi wenyewe kuanzisha soko dogo la aina hiyo kati ya Lushoto na Tanga mjini.

Anayebaki ni kinyonga wetu wa pwani, yule wa kijani mwenye masikio ya ngozi nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis kwa jina la kitaalamu. Yeye joto letu ni lake, mvua zetu ni zake. Kama una kibali, iwe kwa ajili ya shule, kituo cha elimu au kumtunza aliyeumia, huyu anaweza kukaa nawe vizuri. Na kizimba chake hakihitaji kitu chochote cha kuagizwa nje.

Mahali ni nje, uani. Hilo ndilo jambo nililo tayari kubishana na mtu yeyote. Kinyonga anahitaji miale ya urujuanimno ya jua ili mwili wake utengeneze vitamini D3 na kuitumia kalisi. Akiikosa, mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea: matege yaleyale tunayoyajua kwa watoto wanaofungiwa ndani. Kioo cha dirisha cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo kumweka dirishani "apate jua" ni kumpa mwanga na joto tu. Wenzetu wa nchi za baridi hununua taa maalumu na kuzibadilisha kila baada ya muda kwa sababu nguvu yake hufifia. Sisi jua tunalo, halina bili. Kinachotakiwa ni kulipanga. Kizimba kikae upande unaopata jua la asubuhi, na kuanzia saa tano kiwe kimeingia kwenye kivuli cha mwarobaini au mwembe. Kisikose kamwe sehemu yenye kivuli kizito, maana kinyonga aliyefungiwa juani saa saba mchana hana pa kwenda. Ukimkuta amepauka na mdomo u wazi, amezidiwa na joto. Akiwa na rangi nzito asubuhi, amejigeuza ubavu kuelekea jua, huyo anaota jua tu, mwache.

Fundi seremala wa kawaida anakijenga kwa siku moja. Fremu ya mbao za paini inatosha, ila kama ni mbao za dawa ziache juani mpaka harufu iishe. Waya wa kuku usiutumie. Matundu yake ni makubwa, panzi wanatoka na nyoka mwembamba anaingia, na nyoka wa mitini wanampenda sana kinyonga. Tafuta waya wa matundu madogo ya mraba, uliopakwa plastiki kama unapatikana, ili kucha zisichanike. Nyavu ya mbu ya madirishani ni nzuri kwa hewa lakini hudumu kidogo, wadudu wenyewe huitoboa. Upande mmoja, ule unaopigwa na upepo wa kusi, uzibe kwa ubao au jamvi. Kinyonga akiwa na ukuta mmoja nyuma yake hutulia. Kizimba kisikae chini. Kiinue juu ya meza au miguu yake kiasi kwamba tawi la juu kabisa lipite kichwa cha mtu mzima. Kinyonga anayetutazama kutoka juu hana wasiwasi. Anayetazamwa kutoka juu anafikiria mwewe.

Hiyo miguu ya kizimba ndiyo penye hatari ambayo sijaiona kwenye maelezo yoyote ya Wazungu, nayo ni siafu. Kinyonga wa porini siafu wakija huhamia tawi jingine, mti mwingine. Aliyefungiwa ataliwa akiwa hai. Fanya kama mama zetu walivyofanya kwa kabati la chakula: kila mguu usimame ndani ya kopo la maji, na maji yasikauke. Angalia pia tawi la mwembe lisiguse paa la kizimba, maana wale chungu wekundu waitwao maji moto wanashukia hapo. Kunguru nao, hawa wetu wa pwani wasio na aibu, watakaa juu ya waya wakimsumbua siku nzima; turubai au makuti juu ya nusu ya paa yanawaondoa na yanaleta kivuli.

Ndani, jaza. Wengi huogopa kujaza kwa sababu wanataka kumwona, na tumeshasema kuhusu hilo. Weka hibiskasi ya uani kwenye ndoo, hai, yenye majani mengi, halafu pitisha matawi ya mpera yakilala na kupanda mshazari kutoka pembe hadi pembe. Unene uwe wa aina mbalimbali, lakini mengi yawe ya kiasi ambacho mguu wake unaweza kuyazunguka na kuyashika, kwa sababu vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo na havikuumbwa kutembea kwenye sakafu. Acha uwazi kidogo mbele, sehemu ya kuota jua na kulenga panzi. Mnyaa usiuingize hata kama umejaa kwenye ua wako; utomvu wake unaunguza macho.

Maji yanawashinda watu wengi. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Anaramba matone juu ya majani, kama umande na mvua. Toboa chupa ya maji kwa sindano, itundike juu ya hibiskasi asubuhi na mapema, idondoke taratibu kwa nusu saa hivi, na uone ulimi ukianza kufanya kazi. Jioni nyunyizia majani tena kiangazi kikiwa kikali. Wakati wa masika acha, hewa yetu ina unyevu wa kutosha, na kizimba kisichokauka humletea maradhi ya mapafu. Chakula ni rahisi zaidi: panzi, chenene, nzi, mende wa kufuga na si wa chooni, na wadudu wenyewe walishwe majani mabichi kabla hawajaliwa.

Sasa jike. Ningependa kila anayefuga asome sehemu hii mara mbili. Jike mzima hutunga mayai, na anaweza kuyatunga hata bila dume. Kinyonga wetu wa pwani hutaga mayai mengi kwa mkupuo mmoja, ishirini, thelathini, hata zaidi, na huyazika ardhini. Siku zake zikifika utamwona anashuka chini, jambo asilolifanya kwa kawaida, anazungukazunguka pembeni, anakwaruza. Anatafuta udongo. Kama chini ya kizimba kuna ubao mtupu au karatasi, hatataga. Atayashikilia mpaka yamuue, na mwenye naye atasema amekufa ghafla. Kwa hiyo sakafu iwe na ndoo pana au kasha lenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 30, wenye unyevu wa kutosha ili shimo analochimba lisibomoke. Akianza kuchimba, funika kizimba kwa khanga, zuia watoto, usichungulie. Akiona anatazamwa anaweza kuliacha shimo na kuanza upya huku nguvu zinamwishia. Mayai yenyewe hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa.

Na kila kinyonga na kizimba chake. Dume na jike wasikae pamoja "ili wasiwe wapweke". Upweke ni wetu, yeye hana. Hata vizimba viwili vikikaribiana, weka ubao katikati wasionane.

Ukishayahesabu haya yote, mbao, waya, kivuli, makopo ya maji, kasha la udongo, utaona kwamba tunahangaika kujenga upya kitu ambacho nyumba nyingi za Tanga zilikuwa nacho bure, yaani ua wa mimea. Mchongoma mmoja mrefu, usiokatwa mpaka ukabaki fito, una kimo, kivuli, umande, panzi na udongo wa kutagia. Kinyonga hukaa humo bila kufungiwa na bila kibali, na mtoto anayetaka kumwona anajifunza kumtafuta. Lakini kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe nyua hizi zinang'olewa na kujengwa kuta za tofali, na zinazobaki zinapuliziwa dawa ya wadudu kwa sababu ya mbu. Dawa hiyo inamuua panzi leo na kumwacha kinyonga na njaa kesho. Kwa hiyo kijana anayenijia akitaka nimchoree kizimba namchorea, kibali kikiwepo. Asiye nacho namwomba aende kwa baba yake wakakubaliane kuuacha mchongoma wa nyuma ya nyumba, usipuliziwe dawa, na ukikatwa ukatwe upande mmoja kwanza, wa pili usubiri mpaka ule wa kwanza uchipue.