Nalipa Ada Nifundishwe Majina ya Baridi

Jamani, mtu mzima na ndevu zangu, nalipa hela nifundishwe kutaja baridi kwa majina yake yote! Niko Tartu, Estonia, mzaliwa wa Tanga, na jioni badala ya kulala nakaa darasa la Kiestonia natazama picha za mawingu. Mwalimu ananyoosha kidole, nasema theluji. Ananyoosha kwingine, nasema theluji. Anatikisa kichwa. Ile ya pili ni lörts, yaani theluji iliyoshindwa kuamua: nusu maji, nusu barafu, yote shingoni kwako. Ikisukumwa na upepo ikaja ubavuni badala ya kutoka juu, hiyo ni tuisk. Unyevu wa hewani ukiganda kwenye majani ni hall. Mvua ya mawe ni rahe. Mimi nilijua zote hizo zina jina moja: kaa ndani.

Na msidhani sisi hatuna maneno. Tuna manyunyu, rasharasha, vuli, masika, na kusi na kaskazi mtoto wa mvuvi anazijua kabla ya kujua kusoma. Lakini nani Tanga alishawahi kukaa chini akanyambua mvua? Huku theluji ni lumi. Ukitaka kusema "ya theluji" inageuka lume. Ikianza kudondoka ni lund: sajab lund. Imedondoka tu, haijafanya kosa lolote, lakini jina lishabadilika! Kila nomino ina maumbo kumi na manne ya umoja, halafu wingi nao una yake. Wazungu wote tuliowacheka kwa kusema "kitabu yangu", hesabuni mmelipiziwa kisasi.

Wakati ujao, kwa upande mwingine, hawana kabisa. Mtabiri anakwambia homme sajab, kesho inanyesha. Hakuna "ita-", hakuna inshallah. Mtu ana uhakika gani hivyo na kesho?

Haya, nikajikaza nikakariri. Nia yangu ilikuwa nipate la kuzungumza na jirani, mzee mmoja wa ghorofa ya chini, maana kwetu kumpita mtu mzima kimya ni utovu wa adabu. Asubuhi moja nje ni chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini. Jokofu la kugandishia nyama ni chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na nane, kwa hiyo ningejifungia humo ningepata joto kidogo. Nikamkuta mlangoni, nikatoa sentensi yangu nzima, nimeifanyia mazoezi tangu kwenye ngazi: Täna on väga külm! Leo ni baridi sana! Mzee akatazama kipimajoto kilichobandikwa dirishani, akanitazama mimi, akasema: "Normaalne." Kawaida tu! Akaenda zake. Kichwa kitupu, bila hata kofia. Nimelipa ada ya muhula mzima nikapata neno moja, tena ningelielewa hata bila darasa.

Lakini nimkubalie, mzee ana haki yake. Kule Jõgeva, si mbali na hapa, mwaka 1940 walipima nyuzi 43.5 chini ya sifuri. Ukishasikia hiyo, ishirini utaisemea nini?

Ila lililonimaliza ni jäätee. Tee ni chai na tee ni barabara, neno hilohilo. Jää ni barafu. Nikajua basi hii ni chai ya barafu, kumbe kuna na barabara ya barafu! Majira yakiwa makali, bahari kati ya bara na kisiwa cha Hiiumaa inaganda, wanaweka alama, watu wanapita na magari. Kilomita kama ishirini na tano, baharini! Kufunga mkanda marufuku, ili likitokea la kutokea uweze kuruka nje. Mwendo uwe chini ya kilomita 25 kwa saa, au kati ya 40 na 70. Katikati hapo hapana, kwani mwendo huo unaamsha mawimbi chini ya barafu. Mimi nimezoea kivuko kikichelewa watu wanalaumu serikali.

Jumapili nikampigia mjomba, anayeuza samaki Tanga. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikaona hapa ndipo elimu yangu itapata msikilizaji. Nikamwelezea lörts, tuisk, hall, na theluji inavyojaa hadi malori yanaikusanya mjini kwenda kuimwaga. Akanyamaza muda mrefu. Nikajua nimemgusa.

"Mjomba," akasema, "hiyo barafu wanaitupa?"

"Wanaitupa, mjomba."

"Mimi hapa nanunua kila alfajiri ya kuwekea samaki, na bei imepanda tena. Hao wenye malori wewe unawajua?"

Nikamwambia siwajui. Akasema nijifunze kwanza maneno ya kuongea na hao, hayo ya mawingu baadaye, na nimuulizie kontena moja mpaka bandari ya Tanga ni shilingi ngapi.