Mfugaji na jangili wasitiwe kapu moja

Tumbusi wakikutwa wamekufa kando ya mzoga wenye sumu, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mfugaji. Wanaodai afungwe wana hoja nzito. Tangu 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika, wakiwemo mgongo-mweupe na wa Rüppell, zimo katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda hukaa miaka kama mitano ndipo naye azae.

Lakini nani anatia sumu, na anamlenga nani? Juni 2019 nchini Botswana walikufa tumbusi 537. Mizoga yenyewe ilikuwa ya tembo watatu tu! Mamlaka ziliwataja majangili, na haishangazi: tumbusi wakianza kuzunguka angani, askari wa wanyamapori hujua pa kwenda kabla pembe hazijatolewa. Jangili ana sababu ya kutaka ndege hao wafe.

Mfugaji wa pembezoni mwa Maasai Mara hana ugomvi nao. Simba ameingia bomani, ameua ng'ombe wa maziwa na kula nusu; usiku atarudi kumalizia. Chembechembe za zambarau za dawa ya wadudu, kiasi cha kujaa kiganja, zinanyunyizwa kwenye nyama iliyobaki. Simba hurudi giza likiingia. Tumbusi huwa wamefika tangu mchana.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inaahidi fidia kwa mifugo iliyoliwa, ila malipo yamekuwa yakicheleweshwa kwa miaka, na ada ya shule haisubiri. Watalii wanalipa kumwona simba. Gharama ya kumlisha anabebeshwa mwenye boma. Ua wa waya na taa za kumulika usiku zingefaa kuliko hotuba.

Kweli, sumu haichagui nia, na tumbusi aliyekufa amekufa. Tatizo la kifungo ni kwamba kinanyamazisha watu. Mzoga wenye sumu huendelea kuua hadi uteketezwe, na anayejua ulipo mara nyingi ni jirani au ndugu wa aliyeutia. Akijua kupiga simu ni kumpeleka nduguye jela, hatapiga.